Mzee wa Masjala na Barua za Nje

Mzee wa masjala hakuwahi kufungua bahasha kwa kidole. Alikuwa na kisu butu cha kupakia siagi ambacho hakikuruhusiwa kugusa mkate. Alichana bahasha ukingo wa juu, akatoa barua, akapuliza ndani kuhakikisha hakuna karatasi iliyosalia, akagonga mhuri, akaandika namba kwenye daftari la barua zinazoingia, na hapo ndipo alipojiruhusu kusoma. Ukimharakisha, alianza upya.

Nilifanya naye kazi kwa miaka mitatu pale Kayanga, katika ofisi ya shirika moja la misaada lililohudumia kambi za wakimbizi na vijiji vilivyozizunguka. Mimi nilikuwa mtunza kompyuta. Yeye alikuwa karani wa masjala, yaani chumba cha mafaili na barua, na chumba chake kilinukia karatasi kuukuu na kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na kukaushwa na maganda yake. Aliihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga. Kila aliyeingia aliwekewa punje mbili tatu kiganjani kabla ya kuulizwa shida yake. Mkuu wa ofisi, mgeni kutoka ng'ambo, alidhani ni dawa, na wiki yake ya kwanza alizimeza kwa maji kila asubuhi bila kulalamika.

Hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Mzee, basi. Suti yake ya Kaunda ilikuwa ya kijivu na imepauka mabegani. Kila Jumatatu alifika kwa baiskeli kutoka Kanoni, na kila Ijumaa alirudi huko kwa mkewe na kibanja chake cha migomba na kahawa.

Kazi hiyo aliianza serikalini zamani. Vita vya mwaka sabini na nane vilipoanza, watu wakifunga magodoro, yeye alifunga daftari la barua nyuma ya baiskeli na kulipeleka kwa shemeji yake Nyakasimbi. Nilimuuliza kwa nini daftari na si kitu cha maana zaidi.

"Kitu gani cha maana zaidi?" aliuliza, na nilivyomwona, alitaka kujua kweli.

"Mafaili yenyewe, mzee. Fedha. Mhuri."

"Mhuri unachongwa mwingine. Lakini bila daftari utajuaje nani aliandika na hajajibiwa?"

Hilo ndilo lililomsumbua kuliko njaa. Hakuvumilia barua isiyojibiwa. Mwenyekiti wa kijiji kimoja kule Nyakasimbi aliwahi kuandika kuhusu kisima kilichoharibika pampu, na barua ile ikakaa kwa mkuu wa ofisi siku tisa. Siku ya kumi Mzee aliingia bila kubisha hodi, jambo ambalo hakulifanya tena, akaketi kwenye kiti cha wageni na kukunja mikono.

"Una shida gani, mzee?" mkuu akamuuliza kwa Kiswahili chake cha kujifunza.

"Mimi sina. Kuna mtu ameketi mahali anasubiri. Nimekuja kusubiri pamoja naye."

Mkuu alijibu barua ile siku hiyohiyo. Tangu hapo, sisi wote tukiona Mzee anasogeza kiti, tulitafuta kalamu.

Aliwaandikia watu barua bure. Mchana, wakati sisi tunakula, nje ya dirisha lake kulikuwa na foleni: wakulima na vibarua wenye asili ya Rwanda na Burundi waliotafuta ndugu zao, na wafugaji waliotoka na fimbo zao kule rweyani, kwenye nyanda za malisho, wakiwa na shauri la ardhi au la mtoto wa shule. Alimsikiliza kila mmoja kwa lugha aliyokuja nayo, kisha akaandika kwa Kiswahili kilichonyooka. Mama mmoja mfugaji aliandikiwa na Mzee barua kumi na moja za kumtafuta mumewe. Ya kumi na mbili haikuhitajika, kwa sababu mume alitokea mwenyewe, mzima, mnene kidogo, na akadai hakupokea hata moja. Mzee alimfokea kana kwamba ni yeye aliyeachwa.

Ndiyo maana sikuamini dereva wetu aliponiambia.

Tulikuwa tumekwama kwenye tope njiani kuelekea kambini, tunangoja trekta. Dereva alikuwa mtu wa Kanoni. Alisema Mzee ana binti mmoja, muuguzi, aliyesoma Mwanza na kuolewa huko na mwanamume ambaye Mzee hakumjua. Binti hakuomba ruhusa, wala hakumleta mtu nyumbani. Baadaye aliandika barua nne kupitia sanduku la parokia. Mzee alizirudisha zote posta bila kuzifungua.

"Mzee huyuhuyu?" nikasema.

"Huyuhuyu. Mkewe alilia mpaka akachoka. Hakuna anayelitaja jambo hilo pale nyumbani."

Niliporudi ofisini nilimtazama kwa jicho jingine, naye akanipa kahawa ya kutafuna kama kawaida. Sikumuuliza. Nilijiambia kwamba ni heshima.

Kisha ikaja barua pepe. Ilikuwa miaka ya tisini inaelekea ukingoni, na kwetu hakukuwa na simu ya kutegemewa. Kompyuta moja kubwa kuliko nyingine, tuliyoiita seva, iliwekwa chumbani kwangu na kuunganishwa na redio ya masafa marefu. Mara tatu kwa siku redio ilikoroma, ikapeleka barua zetu Dar es Salaam na kuleta za huko. Ilikuwa polepole mno. Makao makuu yalitaka kila mfanyakazi awe na sanduku lake, na mimi nikapewa kazi ya kukaa na kila mmoja kumpangia mapendeleo yake: jina lionekaneje, barua imalizikie kwa maneno gani, nakala zihifadhiwe au zifutwe, mtu akienda likizo mashine imjibie au la, na barua zinazotoka nje ya shirika zipokelewe moja kwa moja au ziwekwe kando kwanza.

Wengi walimaliza kwa dakika tano. Mhasibu alisema, "Weka unavyojua wewe." Mzee aliomba orodha ya maswali aende nayo Kanoni. Jumatatu alirudi na majibu kwenye karatasi ya fulskepu, yenye namba pembeni, na nakala yake ilikuwa tayari kwenye faili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tuanze na la kwanza."

Jina alilitaka kamili, yote matatu, bila kifupisho. Nakala zihifadhiwe zote. Kwenye swali la likizo alivua miwani.

"Hili sijalielewa. Mtu ananiandikia, mimi sipo, na mashine inamjibu kwamba sipo?"

"Ndiyo, mzee. Ili ajue."

"Sasa kama sipo, aliyejibu ni nani?"

"Ni mashine, lakini kwa jina lako."

"Andika hapana."

Maneno ya mwisho wa barua yalikuwa mistari sita. Minne ya kazi: jina, cheo, ofisi, na sanduku la posta la shirika. Miwili ya mwisho ilisema: *Nyumbani ni Kanoni, palepale. Barua zinapokelewa kwa sanduku la parokia, na zinasomwa.*

Nilicheka. Nilidhani ni uzee. Nikamwambia makao makuu yameagiza mistari isizidi minne kwa sababu ya redio.

"Kwa hiyo haiwezekani?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema haiwezekani. Lakini watu wengine wawili walikuwa wanangoja mlangoni, na nilijua nikisema hapana atataka kuuona waraka wa makao makuu, namba yake na tarehe yake. Nikasema, "Tutaona, mzee. Nitaipanga."

La mwisho lilikuwa la barua za nje. Alikuwa ameandika: *Zote zipokelewe.* Alikuwa ameyapigia maneno hayo mstari.

"Nyingi ni upuuzi, mzee. Matangazo, barua za bahati nasibu. Watu wote wameomba ziwekwe kando, mimi nitakuwa nazipitia kila Ijumaa."

"Mimi ni masjala. Sichagui mwandishi."

"Sawa, mzee."

"Umeandika?"

"Nimeandika."

Alitia sahihi chini ya fulskepu na kunitaka nami nitie yangu. Nikatia. Alipotoka, nilinakili mapendeleo ya mhasibu na kuyaweka kwenye sanduku la Mzee, nikabadilisha jina na cheo tu, bila kuweka mistari miwili ya nyumbani. Diski ilikuwa ndogo na redio ilikuwa polepole, nami nilikuwa na masanduku kumi na manne ya kupanga kabla ya saa kumi. Saa tisa na nusu nilikuwa nimemaliza. Nakumbuka nilijisifu.

Alijifunza barua pepe vizuri kuliko vijana, ila kila iliyoingia aliichapisha, akaigonga mhuri na kuipa namba. Alipotuma barua alikuja kuniuliza kama imefika, na nikisema imetoka, alisema, "Sijauliza kama imetoka." Na kila Ijumaa, kabla ya kufunga suruali kwa pini ili apande baiskeli, alipita mlangoni kwangu.

"Hakuna kitu changu cha nje?"

"Hakuna, mzee."

Wiki za mwanzo niliangalia kweli. Lile faili la barua zilizowekwa kando lilijaa matangazo ya mbegu na watu wa kuuza vitabu, nami nikachoka. Baada ya miezi miwili nilikuwa namjibu bila kuinua macho kutoka kwenye kazi yangu. Yeye alisema, "Kasinge, waitu," asante ya kwetu, akaenda zake. Sijui nilimjibu hivyo Ijumaa ngapi.

Hakunilaumu wala hakuuliza zaidi, na hilo nalo lilikuwa sehemu ya tabia yake ambayo hatukuielewa. Aliyemwingilia mkuu wa ofisi bila hodi kwa ajili ya pampu ya kijiji hakuweza kusema, "Nasubiri barua ya binti yangu." Alichoweza kufanya ni kuandika mistari miwili na kuamini kwamba inasafiri chini ya barua za dawa na mablanketi, akitumaini ingemfikia mtu aliyefanya kazi kwenye hospitali fulani. Mimi nimeelewa hayo baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba Ijumaa anapita.

Mkewe aliugua mwaka uleule. Tulijua kwa sababu Mzee alianza kurudi Kanoni katikati ya wiki, kisha kila jioni, safari ambayo ilimchosha. Mama yule alifariki msimu wa senene, mwezi wa kumi na moja. Ofisi nzima tulikwenda mazishini, tukasimama kwenye matope kati ya migomba, na Mzee akapokea pole zetu kwa kushika mkono wa kila mmoja kwa mikono yake yote miwili. Kanisani, katekista aliposoma majina ya watoto wa marehemu, alitaja moja tu. Binti hakuwapo. Watu waliangalia chini. Nakumbuka nilimkasirikia binti yule. Nilimwambia dereva, "Hata mama yake hakuja kumzika?"

Kambi zilifungwa, wakimbizi wakarudi makwao, na shirika likapunguza watu. Mzee alikuwa kwenye orodha ya kwanza. Alikabidhi masjala kwa siku tatu, faili kwa faili, kwa mtu ambaye naye angeondoka baada ya mwezi. Mimi nilibakizwa nifunge mitambo.

Siku ya kufuta seva niliamua kupitia mafaili yote kwa mara ya mwisho. Si kwa uaminifu. Umeme wa jenereta ulikuwa umebaki wa saa mbili na sikuwa na kazi nyingine. Kwenye sanduku la Mzee, kati ya matangazo ya mbegu, kulikuwa na barua tatu kutoka anwani moja ya hospitali.

Ya kwanza ilianza, *Baba, shikamoo.* Binti alikuwa ameona jina la baba yake, yote matatu, kwenye orodha ya waliopelekewa waraka wa chanjo. Hakuwa na hakika kama ni yeye. Aliandika kwamba ana watoto wawili, kwamba mdogo amepewa jina la bibi yake. Likizo yake ilikuwa mwezi wa tisa. Angependa kuja Kanoni, lakini barua zake za zamani zilirudi, na hatathubutu kufika mlangoni bila kuitwa. *Ukiniandikia neno moja tu, njoo, nitakuja.*

Ya pili ilikuwa ya mwezi wa nane, fupi, ikiuliza kama ya kwanza imefika.

Ya tatu ilikuwa ya mwezi wa kumi. *Nimeelewa, Baba. Sitakusumbua tena. Msalimie Mama.*

Mwezi wa kumi mama yake alikuwa hai. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba kule Kanoni, na Mzee alikuwa ameketi hatua kumi kutoka kwenye seva, akigonga mihuri.

Niseme kabisa hapa, ili asiyejua asihangaike: binti alikuja. Alikuja mwaka uliofuata na watoto wake wawili, akakaa wiki tatu, na dereva aliniambia mdogo alikuwa anakimbia kila mahali kwenye kibanja akiitwa kwa jina la bibi yake. Bibi mwenyewe alionyeshwa kwa kidole, mahali palipopandwa maua. Mimi sikwenda. Nilialikwa, na nilisema nina kazi.

Kabla ya hapo nilikwenda Rubwera. Siku hizo Rubwera haikuwa na ofisi za wilaya, ilikuwa maduka machache na barabara ya vumbi. Mzee alikuwa amepata kazi ya ukarani kwenye chama cha msingi cha kahawa. Nilipanda pikapu ya mizigo kupitia Omurushaka, karatasi tatu zikiwa kwenye bahasha kifuani. Nilijaribu maneno njia nzima, na yote yalianza na "bahati mbaya".

Nilimkuta amevaa suti ileile, amekaa nyuma ya meza fupi, magunia ya buni yakiwa yamepangwa hadi dirishani. Alifurahi kuniona. Alinitafutia kiti, akakipangusa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja mbali. Hamjambo huko?"

Nikampa bahasha. Hakikuwapo kisu, akatumia ukingo wa rula. Alisoma ya kwanza, akasoma ya pili na ya tatu, kisha akarudi kwenye ya kwanza na kutafuta tarehe. Aliiwekea kidole. Nje, watu walikuwa wanapima kahawa na kubishana kuhusu mizani.

"Hizi zilikuwa wapi?"

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya mapendeleo ya mhasibu, ya mistari ambayo sikuiweka, na ya Ijumaa ambazo sikuangalia.

Nilingoja anifokee kama alivyomfokea yule mume wa mfugaji. Nilitamani anifokee.

"Ungeniambia haiwezekani," alisema mwishowe. "Ningekasirika, lakini ningenunua stempu nimwandikie mwenyewe. Nisingekuwa na la kusingizia."

"Nisamehe, mzee."

"Mimi nilimrudishia nne kwa makusudi. Sina mdomo wa kukulaumu." Alivua miwani, akaishika bila kuifuta. "Lakini mama yake hakurudisha hata moja. Yeye alikuwa anauliza. Kila nikifika nyumbani Ijumaa aliuliza, nami nikamwambia hakuna. Nilimwambia nimeambiwa na mwenye kompyuta, hakuna."



Akavuta karatasi na kuanza kuandika kwa mwandiko wake uliolala kulia. Aliandika taratibu, bila kufuta, pande mbili. Hakunisomea. Alipofika chini aliacha nafasi, akaigeuza karatasi upande wangu na kunipa kalamu.

"Hapa andika wewe."

"Niandike nini, mzee?"

"Kilichotokea. Mimi nikimweleza ataona namfichia mtu, au najificha mimi."

Niliandika jina langu na kazi niliyokuwa nikifanya. Niliandika kwamba baba yake hakuziona barua zake tatu, kwamba aliomba barua zote zipokelewe, na kwamba mimi, kwa bahati mbaya, niliziweka mahali asipoweza kuziona. Nikamrudishia karatasi.

Alisoma akisogeza kidole chini ya kila neno, kama alivyosoma barua za kila mtu maisha yake yote. Kidole kikasimama. Akachukua kalamu, akakata maneno matatu kwa mstari mmoja ulionyooka, ili bado yasomeke.

"Haikuwa bahati mbaya, mwanangu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, hilo ndilo lililonimaliza. "Ulikuwa na haraka. Andika hivyo, juu yake."

Niliinama juu ya meza ile fupi, kwenye harufu ya buni, nikaandika kwa herufi ndogo ili ziweze kuenea: *nilikuwa na haraka.* Akaniambia niweke na tarehe.